Utepe hauna rangi ya nne

Aliyeishi kambini anaujua ule utepe wa mkono. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kufikia 12.5 ni njano, ikipita hapo ni kijani na mama anashusha pumzi. Miaka mitatu nilipima watoto Nakivale kama mhudumu wa kujitolea, na hakuna mama aliyewahi kuniuliza kijani kinaishia wapi. Angeuliza kwa nini? Utepe ule kazi yake ni kutafuta njaa, na njaa ndiyo iliyokuwepo.

Sasa tuko Kampala. Njaa haijatuacha, msinielewe vibaya. Ila ndani ya hivi vyumba vya kupanga nimeanza kuona kitu ambacho kule sikukiona.

Dada yangu mdogo anatembeza bitenge. Anatoka alfajiri, anarudi giza limeingia. Binti yake, karibu miaka minne, anabaki na mama yetu kwenye chumba kimoja, muzigo kama wanavyoita hapa. Nje kuna bodaboda, na mwenye nyumba hataki kelele za watoto. Basi mtoto anapewa simu aangalie katuni. Akilia, soda. Chupa moja ya mililita 300 ina sukari gramu 30 hivi, yaani vijiko vya chai saba au nane. Hapo hujahesabu biskuti na mandazi. Na majirani wanamsifu: "Huyu ukimbizi haukumugusa!"

Sifa hiyo ndiyo iliyonifanya nimpeleke kliniki. Kwa macho huwezi kujua, hasa macho yetu sisi, yaliyozoea mbavu. Nesi alimpima kilo na urefu pamoja: kilo 19, sentimita 100. Wasichana wengi wa urefu huo wako karibu na kilo 15. Kwenye chati alikuwa amevuka mstari wa +2. Kisha nesi akamfunua kope za chini, akakuta zimepauka, akapima damu: imepungua. Kumbe mtoto anaweza kuwa mnene na bado damu hana. Sukari inajaza tumbo, lakini madini ya chuma haina.

Nilitegemea aniambie tumpunguzie chakula. Akakataa. Mtoto wa umri huu hakondeshwi, alisema. Uzito tunaushikilia hapo hapo, tunangoja urefu uufikie.

Dada alielewa siku hiyo hiyo. Mama, hapana.

"Muache mutoto akule. Weye ulisahau mutoto anakufaka aje na njaa?"

Sijasahau. Mwaka 1996 vita vilipofika Uvira, mdogo wetu alikufa mgongoni mwake kabla hatujapata mtumbwi wa kuvuka kwenda Kigoma. Tulirudi nyumbani baadaye, tukakimbia tena, safari hii Uganda. Sikuwa na chati ya kumjibu. Na kusema kweli, hawa wanaokuja kutufundisha lishe kwa picha za ukutani wangeanza kwa kuuliza nani ndani ya nyumba alizika mtoto.

Kwa hiyo neno kupunguza sikulitaja tena. Nilimwambia damu ya mtoto ni kidogo, na hilo lilimgusa. Nikamwomba apike vya kwetu: lengalenga, ndagala, maharage, ndizi. Mtoto ale ashibe. Kiu ni maji, soda ingoje Jumapili. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa umri wake asizidi saa moja kwa siku kwenye skrini, na apate saa tatu za kucheza na kutembea. Saa tatu, kwenye muzigo! Tulizipata vipande vipande: asubuhi kwenda kuchota maji na kidumu chake kidogo, jioni uwanja wa kanisa, ambako mama anakaa na wenzake wa Fizi na Uvira wanapiga stori mpaka jua lizame. Naona huko ndiko alikobadilika, si kwangu. Alianza kunilalamikia yeye mwenyewe siku mvua ikinyesha.

Miezi mitano imepita. Kilo bado 19, urefu 103, kope zimeanza kuwa nyekundu. Mama alitazama mzani akaguna: "Hajaongeza hata kilo moja." Dada akacheka, mama hakucheka. Njiani kurudi alifungua pindo la kitenge, akatoa biskuti, akaivunja vipande viwili. Kimoja akampa mtoto, kingine akala mwenyewe, akiniangalia.