Zilipendwa wa Bunda aokoa picha ya msiba Musoma

Mdada mmoja mwenye studio Musoma mjini juzi nusura alie. Mteja kutoka Butiama anataka picha ya marehemu mama yake, mazishi kesho, printa inatoa sura ya kijani! Kasafisha kichwa cha printa mara tatu, wapi, wino tu unaisha. Ikabidi ameze aibu, ampigie fundi wa Bunda, zilipendwa wake waliyeachana kwa matusi.

Jamaa hakumsimanga. "Kizibo cha hewa cha tenki la majenta umefungua?"

Kumbe alikifunga alipohamisha printa, akasahau. Hewa isipoingia kwenye tenki, wino hauendi. Akafungua, akasafisha mara moja tu, mama akarudi rangi yake. Mteja akalia.

Usiku jamaa akapata meseji: "Asante."

Wadau, wewe ungepiga?