Magunia ya Kahawa Ukutani

Ukiwauliza watu wa umri wangu bendi zilipiga wapi miaka ya sabini, watakutajia Nairobi: Starlight, Hallian's, Garden Square. Huko ndiko majina makubwa yalikokuwa, sipingi. Lakini muziki mwingi ulipigwa mbali na hapo, katika miji iliyo chini ya Mlima Kenya, na walioukumbuka kwa kalamu ni wachache. Meru tulikuwa na ukumbi wetu mdogo, upande wa Makutano, nyuma ya maduka ya vipuri vya magari. Mimi nilikuwa fundi wa vyombo pale, tangu mwaka 1977 hadi milango ilipofungwa. Mwenye ukumbi alishafariki na watoto wake wapo mjini na shughuli zao, kwa hiyo jina nitaliacha. Sisi wenyewe hatukulitumia sana. Tulisema tu "twende ukumbini", na kila mtu alijua.

Ukumbi ule ulizaliwa na kahawa. Julai 1975 jalidi iliunguza mibuni ya Brazili, na wakulima wa kwetu, ambao Brazili waliijua kwa mpira wa Pelé tu, wakaanza kulipwa pesa ambazo baba zao hawakuziota. Mapema mwaka 1977 ratili moja ya kahawa ilipita dola 3 katika soko la New York. Abothuguchi, Nkuene, Igoji, kote kulikokuwa na kiwanda cha sosaiti ya wakulima mambo yalibadilika. Nyumba za nyasi zikavishwa mabati, karo ikalipwa kwa mkupuo mmoja, na pikapu za Peugeot zikawa zinapandisha vilima vilivyozoea punda. Siku ya malipo wakulima walishuka mjini na noti mfukoni, wakamaliza kununua walichokuja kununua, kisha jua likazama na pesa bado ipo.

Mwenye ukumbi tulimwita Mzee. Alikuwa na mibuni na kinu cha posho. Ndugu zake walimshauri ajenge vyumba vya kupangisha. Yeye akapanda gari hadi Nairobi, akarudi na magitaa matatu, dramu zilizokwisha kutumika, maiki mbili na amplifaya za kale. Wakati huo mimi nilikuwa natengeneza redio kwenye baraza ya duka karibu na soko la Gakoromone. Akanijia asubuhi moja amekumbatia amplifaya kifuani.

"Fundi, hii inanguruma lakini haiimbi."

Zilikuwa zile za taa za glasi, zinazowaka rangi ya chungwa ndani na kutaka kupashwa moto kwanza kabla hazijatoa sauti. Kapasita zilikuwa zimezeeka, na mngurumo ulitoka huko. Nikazibadilisha, nikalehemu nyaya upya, nikamrudishia zikiimba. Hapo ndipo aliponiambia nifunge baraza niende nikaone chumba.

Chumba kilikuwa na upana wa madarasa mawili ya shule ya msingi. Kuta za mawe, sakafu ya saruji, mabati juu bila dari. Siku ya majaribio pigo moja la dramu lilizunguka mle na kurudi likiwa mapigo matatu, na mwimbaji akawa anashindana na maneno aliyoyatoa kinywani muda mfupi uliopita. Amplifaya nzuri haisaidii kitu katika chumba cha namna hiyo. Ukiongeza sauti unaongeza fujo. Nikamwomba Mzee magunia. Sosaiti zilikuwa na magunia ya katani yaliyochakaa, yasiyofaa tena kubebea kahawa. Tukayatundika ukutani kwa misumari, mawili mawili, moja juu ya jingine, na mengine tukayafunga kwenye mbao chini ya mabati. Mwangwi ukafa. Spika nikazisogeza mbele ya waimbaji, zikitazama watu, ili maiki isisikie sauti yake yenyewe na kuanza kupiga mluzi. Tangu hapo ukisimama pembe yoyote ungesikia kila gitaa peke yake: la solo, la rithimu, la besi. Nimeingia kumbi nyingi baadaye, zenye spika ndefu kuliko mtu, na sikusikia tena usafi ule.

Mvua tu ndiyo iliyotushinda. Ile ya Novemba ikipiga mabati ya Meru, hakuna maiki itakayoishinda. Mwimbaji alinyamaza, magitaa ya juu yakanyamaza, besi na dramu zikabaki, kwa sababu hizo unazipata kwa miguu hata masikio yakishindwa. Watu waliendelea kucheza. Wengine walikuja makusudi usiku wa mvua.

Bendi ilikuwa ya watu sita. Mpiga besi alikuwa kijana wa Pwani aliyefika Meru kwa kazi ya utanboi wa lori. Wa rithimu alitoka Manyatta, Embu. Mpiga dramu alikuwa Mwigembe aliyekuja mjini na miraa akasahau kurudi. Wote walijifunza kwa santuri. Zilifika na basi kutoka River Road, Nairobi, zile ndogo zenye pande mbili: upande wa kwanza maneno ya wimbo, upande wa pili magitaa yanapochemka. Les Wanyika walipojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978 na kisha wakatoa "Sina Makosa", besi ya Tommy Malanga ilimkosesha kijana wetu usingizi. Alikuwa anainua sindano ya gramafoni na kuirudisha palepale, mara kwa mara, mpaka mama mpishi akamwambia, "Mwanangu, hiyo santuri utaitoboa." Aliipata hatimaye. Ila alipoipiga ukumbini mbele ya watu, ikatoka tofauti kidogo, nzito zaidi, ikisubiri kidogo kabla ya kila pigo, na hakuna aliyelalamika.

Hili ndilo jambo ambalo nimelibeba moyoni miaka yote. Santuri ina mwisho. Dakika chache upande huu, dakika chache upande ule. Ukumbini mwisho ulikuwa mikononi mwa wachezaji. Mpiga solo aliona vumbi likipanda upande wa mlangoni, akajua wale bado wanataka, akarudi mwanzo kwa njia nyingine ambayo hakuwa ameipanga. Alibahatisha, akakosea, akasahihisha palepale, na wiki iliyofuata kosa lile lilikuwa limekuwa sehemu ya wimbo. Waliingia kama waigaji wa redio. Baada ya miaka miwili walikuwa na nyimbo zao wenyewe, za Kiswahili na za Kimeru, na moja ya Kiembu iliyowaliza wanawake wa Runyenjes. Kijana hawezi kufika hapo akipiga harusi moja mwezi huu na mkutano wa siasa mwezi ujao. Anahitaji chumba kilekile, watu walewale, kila Jumamosi.

Mwaka 1980 Sauti ya Kenya ilitangaza kwamba robo tatu ya muziki wa redio uwe wa nchini. Tulifurahi sana. Mpiga rithimu alipanga safari ya kwenda kurekodi Nairobi. Lakini agizo lile lilizimwa kabla halijakomaa, na safari nayo ikafa. Nimesikia hoja ileile ikirudi miaka yetu hii, karibu kwa maneno yaleyale.

Embu tulikwenda mara nyingi. Kabla ya lami kufika, barabara ya Meru hadi Embu ilikuwa adhabu: inashuka bonde, inapanda, inashuka tena, mito yote ya mlima ikikukata njia, na mvua ikinyesha lori linalala matopeni Chuka. Dramu tulizifunga kwa blanketi. Amplifaya niliipakata mimi, kwa sababu taa zile za glasi hazivumilii mtikisiko. Ukivuka mto Thuchi ukaingia upande wa Embu unaanza kupumua. Kule hatukupiga Izaak Walton; ile ilikuwa hoteli ya tangu enzi za wakoloni, yenye bustani zake na wageni wake. Tulipiga katika ukumbi wa mtu karibu na soko, mdogo kuliko wetu.

Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, mji wa makarani. Meru pesa ilikuja na kahawa, Embu ilikuja mwisho wa mwezi. Mzee alilijua hilo kuliko mhasibu yeyote. Wiki ambazo Meru ilikuwa kavu alitupeleka Embu, na wiki ambazo makarani walikuwa wakikopa chai, tulikuwa nyumbani tukingoja sosaiti zilipe. Watu wa Embu walikuwa na adabu moja niliyoipenda: walikaa wakasikiliza nyimbo mbili tatu bila kuinuka, wakitazama vidole vya mpiga solo. Wapigaji wetu waliogopa kimya kile mwanzoni. Baadaye walikitamani.

Naomba niseme kuhusu wanawake, maana hadithi za kumbi husimuliwa na wanaume na hilo huachwa. Mwanamke aliyeingia mahali penye bendi usiku alipewa jina baya kesho yake sokoni. Pale ukumbini walikuja wauguzi wakitoka zamu, walimu, na akina mama wa Gakoromone waliouza viazi na ndizi kutwa nzima. Walikuja wawili watatu, wakalipa kiingilio chao wenyewe, wakacheza pamoja, wakaondoka pamoja. Mzee aliweka sharti kwamba mwanamume atakayemshika mkono mama asiyetaka atatolewa nje, na nililiona likitekelezwa kwa mtu mwenye cheo mjini. Jumapili alasiri ilikuwa bugi ya vijana, soda tu, na saa kumi na mbili jioni wote nje. Mke wangu nilimwona mara ya kwanza kwenye bugi hiyo. Alikuwa amesimama karibu na spika ya kushoto, mahali ambapo sauti ilikuwa bora kuliko kote chumbani, na nikajua huyu anasikiliza.

Usiku wa Jumamosi tarehe 31 Julai 1982 tulipiga hadi karibu na alfajiri. Nikalala palepale nyuma ya jukwaa, juu ya magunia. Nilipoamka nikawasha redio kupima kama stima imerudi sawasawa, nikasikia kwamba serikali imepinduliwa. Sauti ilikuwa ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, ambayo tuliizoea kwa mambo mengine kabisa. Kabla ya giza kuingia tukaambiwa jaribio limeshindwa. Meru hapakuwa na risasi, lakini hofu ilifika bila kuchelewa. Wiki zilizofuata hakuna aliyetoka usiku. Na ukumbi ulipofunguliwa tena, kila kibali kilikuwa na swali ndani yake: wimbo huu unamlenga nani, mbona watu ni wengi, mkutano huu ni wa nini. Bendi iliacha kupiga wimbo mmoja wake mzuri uliohusu bei ya unga. Hakuna aliyewakataza. Waliuacha wenyewe, na mimi niliyekaa kando ya amplifaya niliona jinsi macho ya mwimbaji yalivyokwenda mlangoni kila alipofika karibu na maneno fulani.

Bado tulipata miaka mizuri baada ya hapo. Lami ilifika, safari za Embu zikawa fupi, na bendi ilikuwa imekomaa. Sitaki mtu afikiri ukumbi uliuawa na siasa. Uliuawa na mambo kadhaa yaliyofuatana, na kubwa ni lilelile lililouzaa. Julai 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika, mgao wa mauzo ukaondolewa, na bei ikaanguka karibu nusu. Sosaiti zikaanza kulipa kwa kuchelewa, kisha kidogo, kisha madeni yakala hata hicho kidogo. Nilimwona mkulima aliyekuwa mteja wetu tangu siku ya kwanza aking'oa mibuni kati ya mahindi yake, jambo ambalo sheria ilikataza, akilia.

Upande mwingine disko ilikuwa imefika: mtu mmoja, mashine mbili, hana mshahara wa watu sita. Kanda za kurekodiwa kiholela ziliuzwa stendi kwa bei ya chai. Halafu ukaja ugonjwa. Wakati ule tulisema mtu ameugua kifua, tukanyamaza. Ukimwi ulitangazwa janga la kitaifa mwezi Novemba 1999, lakini bendi yetu ilikuwa imeshazika mwimbaji na mpiga dramu kabla ya tangazo lolote. Mpiga dramu tulimzika Igembe, na baba yake akaniuliza kazi ya mwanawe mjini ilikuwa nini hasa. Nikamweleza kwa muda mrefu. Nilimweleza habari za usiku wa mvua, jinsi mwanawe na kijana wa Pwani walivyoushika ukumbi mzima wao wawili. Baba yule alisikiliza hadi mwisho, akasema angependa kuusikia muziki huo. Hatukuwa na kanda. Hatukuwahi kurekodi hata usiku mmoja.

Mzee alifunga mwanzoni mwa miaka ya tisini. Alikuwa na deni la mishahara ya miezi kadhaa, na wengi wa wenye kumbi siku hizo walifunga mlango usiku na kupotea. Yeye alituita wote mchana, akaweka vyombo mezani, akaita wanunuzi. Dramu zilichukuliwa na shule ya wavulana. Gitaa la solo lilinunuliwa na kijana wa Nkubu ambaye baadaye alipiga mugithi peke yake, mtu na gitaa lake, kwenye baa za Embu. Amplifaya kubwa ilikwenda kanisani, na niliendelea kuitengeneza huko kwa miaka mingi. Kila noti iliyoingia alimkabidhi mpigaji aliyemdai, akianza na mjane wa mwimbaji, akawaandikisha majina kwenye daftari. Mpiga besi alikataa pesa, akaomba gitaa lake. Akapewa, na siku iliyofuata akapanda basi la Mombasa nalo.