Chumvi ya Mgongoni

Wanaoendesha baiskeli Jumapili, kama mimi na wenzangu hapa Dar es Salaam, hubishana kuhusu chakula kuliko wanavyobishana kuhusu gia. Ukishuka tu kwenye baiskeli baada ya kwenda hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 60, kila mtu anageuka daktari. Huyu anasema ndizi, yule maziwa, wa tatu ana kopo lake la unga kutoka nje ambalo kwa bei yake ungelipia chumba Mbagala mwezi mzima.

Kwa kuwa kazi yangu ni uandishi wa habari, nikisikia ubishi huwa natafuta chanzo. Nikasoma. Kumbe mambo yenyewe si mengi. Misuli huweka akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, na safari ndefu huimaliza. Kama utaendesha tena baada ya muda mfupi, wataalamu wanashauri ule wanga mapema, kama gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wako, kila saa, kwa saa 4 za mwanzo. Ongeza protini gramu 20 hivi za kukarabati misuli. Maji nayo: jipime kabla na baada, na kwa kila kilo iliyopotea kunywa takriban lita 1.5, kidogo kidogo. Halafu chumvi, maana jasho huondoka nayo.

Nilipofika kwenye chumvi nilicheka peke yangu. Hayo yote niliyaona jikoni kwa mama kabla sijajua kusoma.

Baba alikuwa mchuuzi wa dagaa huko Usukumani. Alikuwa na Phoenix nyeusi, keria yake imeongezwa nondo ili ibebe magunia. Alfajiri anachukua mzigo mwaloni, anaupeleka kwenye minada ya vijiji vya ndani, barabara ya vumbi mwanzo mwisho. Mfukoni alikuwa na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikakauka. Alitafuna hivyo njiani, na mkono mmoja haukuachia usukani.

Jioni akirudi, hakuna aliyemuuliza habari za mauzo. Kwanza maji ya mtungini, kata moja, ya pili, ya tatu. Halafu anaoga. Halafu ugali wa udaga, mlima hasa, na mchuzi wa samaki, na bakuli la maziwa mgando. Wanga, protini, maji. Mama hakuwa na mzani wala kitabu.

Ila alikuwa na kipimo. Akipokea shati la baba, aliligeuza akatazama mgongoni. Jasho likikauka kwenye kitambaa cheusi au cha bluu huacha michirizi myeupe, kama ramani. Ramani ikiwa kubwa, mama alirudi jikoni akaongeza chumvi kwenye bakuli la mchuzi la baba peke yake, ndipo akapakua. Sisi watoto tuligombania masalia ya bakuli hilo, na kwa kuonja tu tuliambizana, "Leo baba katoka mbali."

Shuleni tulifundishwa kwamba mchumia juani hulia kivulini. Niliiamini ile methali kwa sababu niliiona: mtu anatoka juani, anakaa kwenye kigoda, anawekewa chakula kwanza yeye. Mjini imekuja kunisumbua.

Tukirudi kutoka Bagamoyo huwa tunasimama kwa muuza madafu mmoja. Wenzangu wanapenda kusema dafu lina kila kitu. Si kweli sana. Lina potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni kidogo, na jasho hutoa sodiamu zaidi. Ndiyo maana aliyelowa chapachapa atafute na kitu cha chumvi pembeni, hata muhogo wa kuchoma unatosha. Muuza madafu wetu naye ana baiskeli, tena nzito kuliko zetu zote, imejaa madafu mbele na nyuma. Siku moja nilimuuliza, "Kaka, na wewe ukimaliza mzunguko unakunywa dafu?"

Akacheka huku panga likiendelea kukata. "Hiyo ni hela ya watu, bro. Nikinywa moja nimekunywa faida."

Anakula chapati na maharage kwa mama lishe, kasimama, jicho liko kwenye baiskeli isije ikaibwa. Maji anayo kwenye chupa iliyokuwa ya soda, ya moto kwa jua. Yeye yuko barabarani siku sita, sisi moja, lakini ukisema "waendesha baiskeli" hapa mjini watu watatufikiria sisi wenye kofia ngumu. Hatujachuma chochote siku hiyo, tumetumia tu. Na kivulini tumekaa sisi.

Sijui shati lake anaangaliwa na nani.

Baba sasa amepita miaka 70. Phoenix imeegemea banda la kuku, tairi zote chini. Mwaka jana tulimpeleka kliniki, tukaambiwa ana presha. Daktari alizungumza naye kwa heshima: mzee, ugali upungue, na chumvi yote ya siku isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Mama alisikiliza kwa makini. Jioni ile ile akatekeleza.

Baba alimega tonge, akachovya, akaonja. Akaliweka tonge chini. Akamtazama mama.

"Kwani leo sijafanya kazi?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu kweli alikuwa hajafanya. Miaka yote ile tulidhani mama anarekebisha ladha. Kwa baba ilikuwa ni namna ya kuambiwa kwamba umbali wake umeonekana. Sasa unamwambiaje mtu wa namna hiyo kwamba ni ushauri wa kitabibu tu?

Mama hajamwambia kitu. Anamkamulia ndimu kwenye mchuzi, anampunguzia ugali kidogo kidogo, na bado anampakulia kwanza, kwenye bakuli lile lile. Baba anakula. Hafurahii, lakini anakula, na presha imeanza kushuka.

Jumapili jioni nikimpigia simu, huniuliza nimeendesha kilomita ngapi. Namtajia. Anauliza nimekula nini. Namtajia pia: wali, maharage, ndizi, maji mengi.

Anakaa kimya kidogo. "Na chumvi weka," ananiambia. "Wewe bado unatoka jasho."