Olenguruone: Karibu Mgeni, Kibuyu Kiko Tayari

Msomaji, ukipanda matatu Nakuru asubuhi, ukapita Njoro, Elburgon na Molo, kisha ukashika njia ya Keringet, usisahau koti. Olenguruone iko ukingoni mwa msitu wa Mau, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya majani chai, viazi na ng'ombe wa maziwa, na baridi yake haina mzaha.

Wewe uliyezoea jiji, ambako mtu hukaa miaka bila kujua jina la jirani wa mlango wa pili, utashangaa. Hapa watu hawapishani kimya. Wenyeji wengi ni Wakipsigis. Wakikuamkia "Chamgei", jibu "Chamgei mising". Ukishajibu hivyo, hukawii kuulizwa unatoka wapi, na kama umekula.

Usiseme umeshiba. Utaketishwa karibu na moto, uletewe chai yenye maziwa mengi, kisha ugali na mboga. Ukibahatika utapewa mursik, maziwa yale yale ambayo wanariadha wetu hunyweshwa wanaporudi na medali kutoka ng'ambo. Maziwa huchemshwa, yakapoa, yakatiwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kaa la mti wa senetwet, kisha huachwa siku kadhaa yagande. Ndiyo maana yana rangi ya kijivu na ladha ya moshi. Fikiri basi: kibuyu unachomiminiwa kilijazwa kabla hujafunga safari. Kunywa, halafu sema "Kongoi", yaani asante.

Lakini ukarimu huu una uzito wake, kwa sababu neno mgeni limewahi kuumiza watu hapa. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni iliwapa makao Olenguruone Wakikuyu waliokuwa wameondolewa kwingine. Wao waliamini ardhi ni yao. Serikali iliwahesabu kuwa wapangaji tu, ikawawekea masharti ya kulima na kurithisha. Walikataa, wakala kiapo cha umoja. Kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengine wakapelekwa Yatta kwenye ukame. Baadaye zikaja ghasia za 1992, na zile zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Nyumba zilichomwa, na majirani waliozikana na kuozana wakaambiwa ni wageni, warudi kwao.

Kiswahili kina neno hilo moja kwa anayekuja kutembea na kwa asiyehesabiwa kuwa wa hapa. Wa kwanza huvutiwa kiti. Wa pili huulizwa kwao ni wapi. Kumkirimu mtu atakayeondoka kesho ni rahisi. Kazi iko kwa yule anayebaki.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi tunadhani methali hiyo ni ya kumsuta mvivu. Lakini jembe halilimi hewani. Anayepewa jembe huonyeshwa na shamba, akawa mmoja wa watu wa boma.

Basi likizo ijayo, wapeleke watoto Olenguruone. Waonje mursik, na wakiuliza kwa nini watu wakarimu hivi waliwahi kufukuzana, usiwanyamazishe. Waeleze njiani mkirudi. Safari ni ndefu, na maelezo yatatosha.