Sahani ya Bati: Habari za Chakula cha Stesheni

Kwetu Nyabiyonza hapana reli, wala haijapata kuwako. Mtu wa Karagwe akitaka kupanda gari la moshi, huweza kwanza kwenda kwa basi hata Bukoba, kisha kuvuka ziwa usiku kucha hata Mwanza. Hata hivyo tumeona vema kuwaandikia habari za chakula kiuzwacho katika stesheni, kubwa na ndogo, kwa sababu mbili. Ya kwanza, watoto wetu wengi husafiri kwenda shule na kazi za mbali, na yafaa wajue mambo ya njiani. Ya pili, katika safari yetu tulipata deni la sahani moja ya wali, na deni hilo lilitufundisha neno tusilolijua, ingawa tulidhani kwamba sisi tunajua sana kukaribisha wageni.

Maana ninyi mwajua desturi ya kwetu. Mgeni akiingia nyumbani huletewa kahawa ya kutafuna, yaani buni iliyochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha ikakaushwa. Haina bei. Desturi ya kupokea wageni ni ya zamani katika nchi hii. Mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika Bweranyange, na Mukama Rumanika akawapokea kwa heshima. Grant alikuwa na ugonjwa mbaya wa mguu, hata Speke alipoendelea na safari yake kwenda Buganda, Grant alibaki Karagwe miezi kadhaa akiuguzwa. Basi tulikua tukiamini ya kuwa chakula kitolewacho kwa fedha hakiwezi kuwa na ukarimu ndani yake.

Katika stesheni mambo ni mengine. Gari halingoji mtu, na mwuzaji na mnunuzi hawajuani, wala pengine hawataonana tena. Tangu mwanzo jambo hilo limeleta taabu. Huko Uingereza, katika stesheni ya Swindon, kampuni ya reli iliwapa wajenzi haki ya kuuza chakula, kuwa malipo ya majengo waliyoyajenga, na tangu mwaka 1842 kila gari la abiria lilipaswa kusimama pale dakika 10 ili watu wale. Wenye nyumba ile walijua ya kuwa abiria hana pengine pa kwenda, na sifa ya chakula chao ikawa mbaya. Mwaka ule ule Brunel, mhandisi mkuu wa reli yenyewe, alimwandikia msimamizi barua ya dhihaka, akisema haamini kama mle ndani mna kahawa hata kidogo, na kwamba alichonyweshwa kilikuwa kama nafaka mbovu iliyokaangwa. Sisi tulimao kahawa twaweza kumhurumia. Mapatano yale hayakuvunjwa mpaka mwaka 1895, nayo kampuni ililipa paundi 100,000 ili gari lipate ruhusa ya kupita bila kusimama.

Katika nchi zetu stesheni za chakula zilianza pamoja na reli. Reli ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Siku zile abiria waliotoka Mombasa walishuka Voi wakati wa jioni, wakala katika nyumba ya wasafiri iliyo karibu na stesheni, kisha wakarudi garini kulala. Reli yetu ya Kati ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora kwenda Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Katika miji mikubwa ya njia hii, kama Dodoma na Tabora, palikuwa na hoteli za reli, zenye meza na vitambaa. Lakini watu wengi walikula nje, kwa wanawake na watoto waliokaa kando ya reli na vyungu vyao.

Sababu yake ni rahisi. Injini za moshi zilihitaji maji na kuni kila baada ya mwendo fulani, kwa hiyo stesheni zilijengwa zikifuatana, na gari lilisimama kitambo. Penye gari lililosimama pana watu wenye njaa, na penye watu wenye njaa hupatikana mtu wa kupika. Siku hizi jina la gari la moshi limebaki, ingawa injini za kuni zimekwisha. Lakini reli ya zamani ni ya njia moja tu, na gari moja halina budi kulingoja jingine katika stesheni ili wapishane. Hivyo hata stesheni ndogo iliyo katikati ya pori hupata soko lake, ingawa soko lenyewe huenda likadumu dakika 5 au nusu saa, wala mwuzaji hajui ni lipi.

Mwaka 2022 tulisafiri watu watatu, sisi wazazi wawili na binti yetu, tukimpeleka chuoni Dar es Salaam. Tulipanda gari Mwanza, tukafika Tabora usiku ungali haujaisha. Ingawa kulikuwa giza, stesheni ilikuwa macho. Palikuwa na chai ya maziwa, maandazi na mayai ya kuchemsha, na asali ya misitu ya Unyamwezi katika chupa. Tabora ni njia panda, magari ya Kigoma na ya Mwanza hukutana hapo, kwa hiyo abiria hupata nafasi ya kushuka, kunawa na kunywa chai amekaa. Bei yajulikana, na mwuzaji hana haraka. Hii ndiyo faida ya stesheni kubwa.

Mchana tulifika Saranda, katika wilaya ya Manyoni. Saranda si mji mkubwa, lakini msafiri wa Reli ya Kati akikutajia jina hilo, mara hukutajia na kuku. Hapo abiria hushuka kwa wingi kwenda kula wali na kuku wa kienyeji, wengine wamesimama, wengine wamekaa juu ya mabenchi. Sisi tulichelewa kushuka kwa kuogopa mizigo isiibiwe, na tulipokuwa tungali tukishauriana, honi ililia. Tukaondoka na njaa yetu.

Baadaye kidogo gari lilisimama katika stesheni ndogo ya Ugogo, likingoja gari la mizigo lipite. Mama mmoja wa makamo alikuja chini ya dirisha letu na beseni kichwani. Tulimsalimu, “Mbukwenyi, mama,” maana salamu hiyo tulifundishwa na jirani yetu garini, naye akacheka akaitikia. Akatupakulia wali na mapaja mawili ya kuku katika sahani ya bati, akaipitisha dirishani. Bei ilikuwa shilingi 4,000. Sisi tulikuwa na noti ya 10,000 tu, naye hakuwa na chenji. Tukamnyoshea noti ile, tukamwambia aende nayo akaivunje kwa wenzake.

Akakataa. Alisema, “Hapana, mwanangu, shikeni fedha yenu. Gari likiondoka nami ninayo, mtasema mama wa Kigogo kawaibia. Kuleni tu, nakwenda kutafuta chenji.” Akatuachia chakula na sahani yake, akaenda mbio kuelekea vibandani.

Gari la mizigo likapita, na mara gari letu likavuta. Tulimwona mama akirudi anakimbia, ameshika fedha mkononi. Sasa twawaambieni kweli, wasomaji, ingawa ni aibu. Noti ilikuwa mkononi mwetu, na dirisha lilikuwa wazi. Tungaliweza kuitupa naye akaiokota. Lakini tulisita, kwa kuwa tuliwaza zile shilingi 6,000 zilizokuwa haki yetu. Katika kusita huko stesheni ikatupita, na mama yule akawa mdogo nyuma yetu, akasimama.

Tulikaa kimya. Binti yetu aliitazama sahani, asiguse kitu. Kisha akasema, “Baba, yule mama amekubali hasara iwe yake ili sisi tusiwe na shaka. Na sisi tumemwachia.” Hatukuwa na jibu. Wali tuliula, maana kuutupa ungekuwa ubaya wa pili, lakini haukuwa na ladha. Sahani tuliiosha, tukaitia ndani ya mzigo. Chini yake ilikuwa na alama ya msalaba mdogo wa rangi nyekundu, kama wafanyavyo wauzaji ili sahani zao zisichanganyike.

Baada ya siku 9 tulirudi, wazazi wawili peke yetu. Tulimwomba mhudumu wa behewa atuamshe kabla ya kufika pale, akasema atafanya hivyo, ila gari huenda lisisimame, tena ni usiku. Kwa bahati njema likasimama. Wauzaji walikuwa wachache, wenye taa za tochi. Hatukujua jina la mama yule, basi tuliinyosha sahani dirishani, tukaigeuza alama ionekane, tukaita, “Sahani hii ni ya nani?” Msichana mmoja akaimulika, akasema kwa sauti, “Ni ya mama mkubwa! Yuko nyumbani amelala.” Tukampa sahani na noti ya 10,000, tukamweleza habari yote kwa haraka, tukamwambia mama asirudishe chenji, na atusamehe.

Msichana alisikiliza, akasema mama mkubwa alikwisha kuwaambia nyumbani ya kuwa sahani itarudi. Gari likaanza kwenda. Ndipo akachukua kifurushi cha karanga katika sinia lake, akakitupa dirishani kwetu, akapunga mkono. Kwa hiyo tuliondoka tena na chakula tusichokilipia. Tulizitafuna karanga zile usiku, kama tutafunavyo kahawa kwetu, tukatambua ya kuwa ukarimu tuliodhani ni wa nyumbani tu, umo hata kando ya reli, katika biashara ya mtu mwenye beseni moja.

Tangu hapo mambo mengine yamegeuka. Mwaka 2024 reli mpya ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Mwendo wake waweza kufika kilometa 160 kwa saa, na safari iliyochukua usiku mzima sasa yamalizika kwa saa chache. Stesheni zake ni majumba makubwa, safi, yenye mahali pa kununua chakula na vinywaji. Hatusemi ni vibaya, maana mgonjwa, mama mwenye mtoto mchanga na mzee hupata raha wasiyoipata zamani. Lakini ndani ya gari lile abiria hanunui kitu dirishani. Kadiri reli hiyo isongavyo mbele kuelekea Tabora na Mwanza, mama wa beseni atakosa wateja wake. Kwa hiyo twaona ingefaa wakubwa wa stesheni mpya wawape wanawake wa vijijini nafasi ya kuuza, yenye maji na kivuli, kwa kodi wanayoiweza. Reli ilijengwa kupita katika nchi yao, na kwa zaidi ya miaka mia wao ndio waliowalisha wasafiri wake.

Kwenu wenye nyumba na walimu, mnapowatuma vijana safarini, wapeni maonyo haya machache. Wachukue fedha ndogo ndogo, noti za 1,000 na 2,000, wasije wakanaswa kama sisi. Wachague chakula kilicho moto na kilichofunikwa, na wanawe mikono kabla ya kula. Walipe kwanza, ndipo wale. Wasimpunguzie bei mwuzaji kwa hila, wakingoja gari livute ili akubali kwa hofu, maana huo ni wizi ingawa hauitwi hivyo. Na ikiwa gari litaondoka chenji ikiwa haijaja, waiache fedha ianguke upande wa mwuzaji. Shilingi 6,000 zaweza kupatikana tena. Lakini sisi tulizishika mkononi zile za kwetu, na kwa siku 9 hazikutuletea usingizi mwema.