Kugonga kwa Injini katika Mlima wa Wundanyi

Mwenye kutoka Mombasa kwenda Voi kwa gari jipya hahisi kwamba anapanda. Njia hupita Changamwe na Miritini, ikafika Mazeras ambako minazi huanza kukuaga, kisha Mariakani, na kuanzia hapo ni nyika: vichaka vya miiba, udongo mwekundu, na reli iliyo jirani yako karibu safari nzima. Hata hivyo ukifika Voi, mwendo wa yapata kilomita 150, umekwisha panda zaidi ya mita 500 juu ya bahari. Gari kongwe hulijua jambo hilo kabla ya dereva wake.

Letu ni Peugeot 504, na tumelirithi. Jumamosi moja tulialikwa Wundanyi, katika milima ya Taita, kufungisha nikahi baada ya sala ya Alasiri. Pamoja nasi walikuwa ahli yetu, mama mkwe, na watoto watatu waliobanana nyuma na masufuria ya zawadi. Tuliondoka baada ya Alfajiri, tangi likiwa karibu tupu. Kituo tulichokizoea kilikuwa na foleni ndefu. Mbele kidogo alikuwapo kijana auzaye petroli kwa mitungi, bei yake pungufu ya shilingi 20 kwa kila lita. Tulimwuliza kama mafuta ni safi. Akasema, "Shekhe, nitakudanganya wewe?" Tukajaza.

Ahli yetu ndiye aliyesikia wa kwanza, tulipokuwa tukipanda kuelekea Mariakani. "Baba Salma, mbona gari linalia kama kokoto ndani ya mkebe?" Tukamjibu kwamba ni masufuria yake. Wasomaji wetu wa kike watatusamehe; jawabu hilo wamelisikia mara nyingi.

Tulipumzika Mackinnon Road, penye msikiti ulio kando ya reli na kaburi la Seyyid Baghali. Huyo alikuwa mtu wa Punjab aliyekuja kufanya kazi ya reli, na husimuliwa kwamba karai alilobeba lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Wasafiri wengi husimama hapo wakaswali, wakanywa maji, wakaendelea na safari. Hatuingii leo katika mjadala wa makaburi. Tunalotaka kulitaja ni kwamba tulipozima gari, halikuzimika. Ufunguo tulikuwa nao mkononi, na injini ikaendelea kutetemeka na kukohoa kwa muda kabla ya kunyamaza. Mama mkwe akatutazama, asiseme neno.

Baada ya Voi tulishika njia ya Taveta hadi Mwatate, kisha tukapinda kulia kuufuata mlima. Hapo nchi hubadilika ghafla. Nyika hubaki chini, barabara hujikunja kona baada ya kona, upande mmoja mwamba na upande wa pili bonde lenye migomba na mahindi. Upepo ni wa baridi, nasi watu wa pwani hutafuta mashuka. Wundanyi yenyewe ipo zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari. Hatukufika nusu ya mlima. Kila tulipokanyaga mafuta ule mlio uligeuka kuwa nyundo, gari likaishiwa nguvu, na sindano ya joto ikapanda. Watoto walinyamaza. Kwenye kona ya kwanza yenye nafasi tuligeuza, tukarudi Mwatate polepole.

Fundi tuliyempata pale, mtu mzima wa Kitaita, alinusa mdomo wa tangi, kisha akadondosha tone kwenye karatasi nyeupe na kuiweka juani. Petroli safi hukauka isiache alama. Tone letu lilikauka likaacha doa la mafuta. "Shekhe," akasema, "hii umeuziwa na mafuta ya taa."

Akatueleza, nasi twaeleza kama tulivyofahamu. Petroli huingia silinda ikiwa mvuke uliochanganyika na hewa; pistoni huushindilia, plagi hutoa cheche, na moto huenea kwa utaratibu kutoka kwenye cheche. Petroli ikiwa dhaifu, sehemu ambayo moto haujaifikia hujiwakia yenyewe kwa joto na mshindilio, na kishindo chake huipiga pistoni. Uwezo wa kuvumilia mshindilio huo ndio upimwao kwa kipimo cha okteni, na mafuta ya taa huushusha. Magari ya sasa mengi yana kihisi kinachousikia mlio na kuchelewesha cheche. Kongwe kama letu halina sikio ila la abiria wake, na masizi ya miaka ndani ya silinda huzidisha joto. Likiachwa kugonga hivyo kwa muda, pistoni hutoboka.

Wazee husema petroli ya zamani haikuwa na matata haya. Ilitiwa risasi, ile madini, kwa ajili hiyo hiyo ya kuzuia kugonga, hadi ilipoondolewa nchini katika miaka ya 2000. Moshi wake ulidhuru akili za watoto. Hatuililii.

Lililotuuma zaidi ni jingine. Mwaka 2018 Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili yasiwe rahisi hata mtu akashawishika kuyachanganya na petroli au dizeli. Aliyebebeshwa tozo hiyo ni mama apelekaye chupa dukani kununua mafuta ya kupikia uji. Mtume wetu (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini yake unyevu uliofichwa, akamkemea muuzaji. Kisa hicho tumekisomesha miaka mingi madrasani. Asubuhi ile mkono wetu haukuingia popote ila mfukoni, kuhesabu tulichookoa.

Fundi alimwaga tangi lote, akasafisha karbureta na plagi, tukaenda kujaza kituoni. Gari likapanda bila kulia. Bwana harusi na walii walikuwa wakitungoja nje ya msikiti, na akdi ilifungwa Magharibi ikikaribia.

Kabla hatujaondoka Mwatate, kijana msaidizi wa fundi aliuliza kama anaweza kuchukua mitungi ile nyumbani; mamake hupikia stovu, na mafuta ya taa yamo ndani. Mama mkwe akashuka garini kabla hatujafungua kinywa. "La, mwanangu! Ukitia petroli kwenye stovu utamwunguza mamako." Akaomba kipande cha mkaa, akaandika mwenyewe kwenye kila mtungi: SI YA JIKO. Fundi akaahidi kuoshea vyuma tu. Tukampa yule kijana pesa za lita mbili za mafuta ya taa, akaenda kununua dukani.