Wimbo wa mpeleka barua

Wadau, nimekuwa kimya. Wiki tatu hizi nikitoka chumba cha habari nakaa kwenye kompyuta hadi saa saba usiku, nahangaika na wimbo wa Kibengali. Msicheke.

Ilianza na kriketi kwenye televisheni. Ulipopigwa wimbo wa taifa wa Bangladesh nikatulia tuli. Baadaye nikasoma kuwa maneno aliyatunga Rabindranath Tagore mwaka 1905, lakini mahadhi aliyatoa kwa Gagan Harkara, mpeleka barua aliyeimba nyimbo za Wabaul. Nikaamua kuyapanga mahadhi hayo kwa ajili ya bendi yetu ya zamani ya kanisani, ambako nilikuwa napuliza klarineti. Wenzangu bado wanakutana Jumamosi.

Kumbe shughuli! Mbaul anaimba na ektara yake ya uzi mmoja. Anateleza toka noti hii hadi ile, anavuta neno apendavyo, anapumua apendapo. Tromboni inaweza kuteleza. Klarineti inajitahidi. Tuba tuiache. Na watu ishirini hawawezi kupumua kila mtu apendapo, basi nikanyoosha. Kila mstari ukakaa kwenye mapigo yake, chini nikaweka sauti nne. Tulipoupuliza ulipendeza sana. Mpiga tromboni akauliza, "Kaka, hii ni tenzi namba ngapi?"

Nikamkumbuka mzee mmoja wa Kilwa, mvuvi, niliyemhoji mwaka wangu wa kwanza kazini. Maneno yake niliyanyoosha yote yakawa Kiswahili sanifu. Aliposomewa gazeti alinipigia: "Mwanangu, habari nzuri. Ila huyo anayesema humo simjui." Nilicheka. Sijampigia tena.

Yupo Percy Grainger, aliyeanza kukusanya nyimbo za wanavijiji wa Lincolnshire, Uingereza, mwaka huohuo wa 1905. Alipoziandikia bendi mwaka 1937, katika Lincolnshire Posy, aliacha mapigo yapinde kama wazee wale walivyoyapinda. Wapigaji wa kwanza walitoka jasho.

Juzi nimefuta sauti zote nne. Tuba inashika noti moja tu, ndiyo uzi wa ektara. Juu yake klarineti moja, bila mwongozaji kupunga mkono. Wengine wanasubiri mpaka imalize kupumua. Klarineti yenyewe napuliza mimi, Jumamosi saa kumi, na vidole vimeota kutu.